Mukono wa Simenti wa Donati

Sanamu ya Donati imeanguka ndani ya ziwa, na mimi nilicheka. Naliandika neno hilo mbele ya mengine yote, ili asiyetaka kulisikia aache kusoma hapa hapa. Watu walisimama ukingoni wakishika kichwa. Mama mumoja wa kanisa akanivuta kitenge: "Mama Feza, hauone haya? Ule ni ukumbusho wa wafu." Nikamujibu: wafu gani? Wafu wangu hawajakaa pale juu hata siku moja. Pale juu alisimama mutu mumoja tu, na huyo alikufa juu ya godoro lake, wajukuu wakimupepea.

Ziwa Mweru limepanda miaka hii. Nani wa pwani yetu asiyejua? Limekula vyoo, limekula mashamba ya muhogo, limekula nyumba za watu walioapa kwamba maji hayatafika. Udongo chini ya sanamu liliula pole pole, kama panya anavyokula sabuni, bila kelele. Halafu asubuhi moja ya upepo Donati akaenda kinyumenyume. Kichwa kikapasuka, mukono ukakatika.

Nilishuka pale maji yalipokuwa yanapigapiga. Simenti ya zamani ikilowa inatoa harufu, ninyi wa rika langu munaijua, harufu ya kisima na ya darasa jipya. Nilipoivuta ile harufu, meno yangu ya mbele yakatoka tena. Nilikuwa mutoto. Na nyuma ya harufu ya simenti ikaja nyingine, ambayo mimi siwezi kukaa nayo sokoni mpaka leo: mawese.

Mama yangu aliitwa Ngoie. Tulikaa ng'ambo, upande wa Kongo, na yeye alikuwa anauza mawese. Aliyanunua kwa watu wa bara, akayatia ndani ya bidoni, yale madumu ya plastiki ya manjano, akavuka nayo mpaka Nchelenge, upande huu. Kurudi alibeba chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa muchangani mpaka wanang'aa kama sindano. Mama alikuwa mukali kwa mafuta yake. Ukimwaga kijiko kimoja, unachapwa. Ukilamba kizibo, unachapwa. Nguo zetu, mukeka wetu, nywele zangu, vyote vilinuka mawese, na mimi nilidhani kila mutoto duniani ananuka vile.

Mwenye mashua alikuwa Donati Mumba. Mutu wa upande huu, tajiri, tulimuita Patroni. Nalitaja jina lake zima, maana miaka yote wengine wamekuwa wakisema "yule mwenye mashua," kana kwamba mashua haikuwa na mwenyewe. Donati alikuwa na mashua ya moteri, na muzigo ukizidi alifunga nyuma yake mashua nyingine isiyo na moteri. Hiyo ya nyuma tuliiita mukia. Mbele, pamoja na moteri, walikaa yeye na mabalo yake, marobota ya vitenge. Sisi watu tulikaa ndani ya mukia. Alikuwa anasema akicheka, tukipanda: "Bintu habijue kuogelea. Batu banajua!" Na watu walicheka pamoja naye, mama yangu pia. Unacheka kwa nini mbele ya mutu anayekuvusha? Unacheka ili akuvushe.

Siku ile mama aliponivusha pamoja naye, upepo ulitukuta katikati ya ziwa. Kwanza ziwa liligeuka rangi ya chuma, halafu mawimbi yakaanza kuja kwa ubavu. Wamama walichota maji na sufuria, na masahani, mwingine na kiatu. Mukia ukawa muzito, ukaanza kuivuta mashua ya mbele kinyumenyume. Moteri ililia kama mbuzi. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya bidoni, naona vizuri. Donati akasimama nyuma ya mashua yake, akatuangalia. Mukononi alikuwa na kisu cha samaki, mupini umefungwa kamba ya bluu.

Mama alipiga kelele: "Patroni! Kuna batoto huku!"

Aliyasikia. Nasema aliyasikia kwa sababu aliinua kichwa. Halafu akainama na kukata. Kamba ilirudi kwetu juu ya maji kama nyoka aliyechoka, na mashua ya mbele ikaruka kwenda zake, nyepesi.

Mama hakulia. Alifungua kizibo cha bidoni akaanza kumwaga mafuta ndani ya ziwa. Maji yote karibu nasi yakawa mekundu. Mimi nilishituka kuliko nilivyoshituka kwa mawimbi. Nikamushika mukono nikalia: "Mama, unamwaga mafuta! Mama, mafuta!" Nilidhani amekasirika. Nilidhani ni mimi nimefanya kosa kubwa mpaka anaharibu biashara yake yote ili nione. Mafuta yalipokwisha akafunga kizibo na meno, akaiweka bidoni tupu juu ya tumbo langu, akanifunga nayo na kitenge chake, fundo la kubeba mutoto mugongoni, lakini kwa mbele.

"Usifungue," akasema. "Hata njaa ikikuuma, hata ukitaka kujisaidia, usifungue. Mimi nakuya nyuma."

Nakuya nyuma. Ndiyo maneno aliyoniachia.

Aliyeniona juu ya maji, jua likianza kushuka, ni Papa Kunda, muvuvi wa Kabuta, aliyekuwa anaenda kutupa nyavu. Papa Kunda alisema Kibemba. Kiswahili chake kilikuwa cha soko tu, cha kuuza na kununua. Alisimamisha mutumbwi mbali kidogo na kuniita.

"Iwe! Uko mutu ao uko muzimu?"

Sikuweza kujibu, meno yalikuwa yanagongana. Akavuta pua. "Awe," akajisemea, "muzimu hawezi kunuka mawese," akanipandisha.

Njiani alinipa ugali wa muhogo uliopoa, na alisema sana, nafikiri ili nisilale. Aliniambia ziwa halina barabara, kwa hiyo muvuvi anatafuta njia yake kwenye inchi kavu. Anachagua vitu viwili vya pwani, kama muti na paa la kanisa. Pale muti unapofunika pembe ya paa, ndipo mahali pa nyavu zake. Vitu hivyo vinaitwa alama. "Leo nilikuwa natafuta alama yangu," akasema, "njo nikakuona wewe. Bila alama ningekupita. Mutu wa ku maji anaangalia alama, anafika."

Mutoto hasahau neno kama hilo. Nililiweka pamoja na lile la mama. Anakuja nyuma. Mutu wa maji anaangalia alama, anafika. Hesabu ilikuwa rahisi kabisa.

Papa Kunda alinipeleka Nchelenge kwa mama mudogo Helena, mudogo wa mama yangu. Na mama mudogo alikuwa anakaa wapi? Ndani ya lupango, ua wa Donati. Alikuwa anamuanikia chisense, anamupasulia samaki wakubwa, na kwa kazi hiyo alipewa chumba cha nyuma, karibu na jiko. Yeye na Donati walikuwa wamekwisha kulia pamoja. Donati alifika na vitenge vyake vikavu, akasema kamba ilikatika yenyewe. Mimi nilisema aliikata. Helena akaniziba mudomo na mukono uliojaa magamba ya samaki. "Ulikuwa unaogopa, mwanangu. Macho ya kuogopa yanaona vingi."

Wachache waliofika pwani, wanaume waliojua kuogelea, walirudi kwao Kongo, na huko walisema. Maneno yalivuka. Watu wakaanza kukataa mashua ya Donati, hata alipopunguza nauli. Ndipo kamba iliyokatika yenyewe ikaota mukono. Kwanza Donati alisema alijaribu kutuvuta. Halafu alikuwa ametuvuta. Halafu, mvua zilipoanza, alikuwa ameinama usoni mwa mauti kuvuta watu mumoja mumoja na mukono wake wa kuume. Na ili neno hilo lipate miguu, akatoa simenti.

Aliyemusaidia ni Petelo, katekista, mutu mwenye Kiswahili cha vitabu na sauti ya asali. Nalitaja na jina lake. Yeye ndiye alisema muji wetu hauna ukumbusho, na kwamba muji usio na ukumbusho ni kama mutu asiye na jina. Wakachagua mahali pazuri, kati ya barabara na maji, na fundi akaanza.

Sasa munielewe. Mimi nilikuwa mutoto wa ng'ambo, sijawahi kuona sanamu. Siku fundi alipoanza kusimamisha vyuma nilimuuliza: "Baba fundi, hii ni nini?"

"Ni alama ya bale balikufa ku maji," akasema.

Alama! Kumbe wakubwa nao wanajua. Kumbe wanajenga kitu kirefu cheupe pwani ili mama na wenzake wakione, wapange njia yao, wafike. Kuanzia hapo sikutoka pale. Nilikaa juu ya rundo la muchanga na kumusumbua fundi.

"Baba fundi, ipandishe tena."

"Iwe, inatosha!"

"Wako mbali. Hawataiona."

"Simenti ni ya Patroni. Kamuombe yeye."

Sanamu ikawa mutu. Mutu amesimama ndani ya nusu ya mashua, ameinama kidogo, mukono wa kuume umenyoshwa mbele, vidole vimekunjwa kana kwamba anashika mukono wa mwingine. Uso ulikuwa wa Donati, hata mashavu. Mimi uso haukunisumbua. Mutu wa mbali haoni uso. Nilitaka tu awe murefu na aangalie maji.

Jioni moja Donati akaniita uani. Alikaa juu ya kiti cha kamba, Petelo pembeni yake, na Helena amepiga magoti chini kama anavyofanya muke mbele ya mukubwa. Donati alinipa biskuti. Petelo akasema: "Mutoto, siku ya fete, tukifungua sanamu, utasimama mbele ya watu na utasema maneno machache. Rudia nyuma yangu. Mimi ni mutoto niliyeokolewa."

"Mimi ni mutoto niliyeokolewa."

"Na mukono wa Papa Donati."

Nikauma biskuti.

"Sema, mwana," Helena akanongona.

"Hakunishika mukono. Nilishika bidoni."

Helena akanifinya paja. Petelo akacheka kwa upole, akamuambia Donati kwamba watoto ni watoto. Donati hakucheka. Akasema taratibu, lakini aliyasemea kwa Helena: "Chumba cha nyuma kinatakiwa na mutu mwingine. Nilikuwa najiuliza."

Nilimuona mama mudogo anapunguka, vile nguo inavyopunguka ukiikamua. Nilielewa. Na nilielewa pia kwamba wanataka kitu kutoka kwangu, na mama yangu alikuwa muchuuzi, nilimuona sokoni tangu nikiwa mugongoni: mutu akitaka kitu chako, na wewe unataja chako.

"Nitasema," nikajibu. "Lakini sanamu iangalie ziwa."

Donati akaangusha kicheko. "Iangalie ziwa! Nani atamuona ku ziwa? Samaki?"

Petelo alicheka. Watu wa jikoni walicheka.

"Mama," nikasema. "Anakuya nyuma."

Kicheko kikakatika. Helena akajifunika uso na kitenge. Donati akaniangalia sana, halafu akanyosha mukono, akashika wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mukono ule kunishika, na ya mwisho. Ulikuwa laini kama ndani ya mukate.

"Bon," akasema. "Itaangalia ziwa. Ni neno la Patroni."

Mpaka siku ya fete walikuwa wameizungushia mabati, na Helena alinikataza kutoka, eti nisichafuke. Nilirudia maneno ya Petelo nikifagia, nikayarudia nikiosha masahani. Sikuona ni uongo. Niliona ni nauli. Nalipa, mama anavuka.

Siku yenyewe walinivalisha gauni jeupe na soksi. Kwaya iliimba, wakubwa walifika na magari yao wakayapanga kando ya barabara. Mabati yalikuwa yameondolewa na sanamu imefunikwa na vitenge vipya vilivyoshonwa pamoja, vitenge vya lile balo lililovuka kavu. Petelo alitoa diskuru ndefu, akamufananisha Donati na Nuhu. Halafu wakavuta vitenge.

Donati wa simenti alikuwa anaangalia barabara.

Alinyosha mukono kwa magari. Ziwa lilipewa mugongo. Na mugongo wenyewe fundi hakuupangusa hata na mwiko, ulikuwa mabonge mabonge, kwa sababu nani angeuangalia?

Watu walipiga makofi. Petelo akaniweka mbele ya mikro na kunigusa bega. Nilitafuta maneno yake, yalikuwepo yote, lakini hayakuwa na kazi tena. Nauli ya safari isiyokuwepo.

"Mumemugeuza," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndani ya ule musanduku mukubwa kama ya mutu mwingine. Watu walicheka kidogo, vile wanavyochekea watoto.

"Mumemugeuza! Anaangalia magari. Mama yangu hataona." Na kwa kuwa hakuna aliyenizuia bado, nikamaliza: "Na huyu hakunishika mukono. Alishika kisu. Kisu cha kamba ya bluu. Mama alimuambia kuna batoto, na yeye akakata kamba."

Kwanza ukasikia ziwa. Halafu nyuma kabisa, pale wamama wa samaki walipokuwa wamesimama, mumoja akapiga kilio. Si cha fete. Kilio cha matanga, kile kinachoanzia tumboni. Mwingine akamupokea, na mwingine, mpaka kwaya ikashindwa kuimba juu yake. Ninyi mulioambiwa kwamba siku ile mvua ndiyo iliyotawanya watu, mulidanganywa. Hapakuwa na mvua. Ni kilio kilichowatawanya.

Petelo alininyang'anya mikro. "Mutusamehe, wakubwa wetu. Mutoto huyu maji yalimuingia kichwani. Maji kichwani, mutoto wa watu!"

Jina likashika pale pale. Nimelibeba mpaka leo. Nikipita, watoto waliimba: Maji Kichwani, Maji Kichwani! Nikibishana bei sokoni: "Muache huyo, ni Maji Kichwani." Mwanaume mumoja alitaka kunioa, dada zake wakamuuliza kama anataka kuzaa samaki. Haya. Waulizeni wote leo jina lililoandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa mashua yangu. MAJI KICHWANI. Herufi kubwa. Hata aliye mbali ataisoma.

Jioni ile ile tulitupwa nje. Muke wa Donati alirusha mukeka wetu barabarani mwenyewe. Tulitembea kwenda Kabuta kwa Papa Kunda, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, Helena mbele, mimi nyuma na soksi zangu nyeupe. Nilingoja kofi. Aliendelea kutembea, mpaka tulipofika pale barabara inapokaribia maji. Akasimama bila kunigeukia.

"Kamba ya kile kisu. Ulisema ni ya bluu?"

"Ndiyo, mama mudogo."

"Ya bluu, imefungwa mara mingi, imekatika kidogo kwa chini?"

"Ndiyo."

Akakaa chini, kwenye vumbi. Akaangalia mikono yake. "Ndicho ninachopasulia samaki wake," akasema. "Kila siku. Kila siku, Feza." Alikuwa hajawahi kumulia mama yangu mbele yangu, alikuwa amelia na Donati tu. Siku ile alimulia dada yake vizuri, pale barabarani, baiskeli za samaki zikitupita na waendeshaji wakishuka kwa heshima. Alipomaliza akanifuta mimi pua, si yake. "Twende. Umesema vizuri."

Mimi bado nilikuwa na shida yangu. Nilimueleza Papa Kunda: sanamu wameigeuza, mama atapotea. Yeye angeweza kunicheka, ao kuniambia ukweli. Alikuwa mutu mukubwa, alijua ziwa linachukua nini. Alisugua kidevu. Kesho yake alikata nguzo ndefu, tukaisimamisha pamoja juu ya kilima kidogo cha Kabuta. Nikamupa kitenge cha mama, kile alichonifungia, akakifunga juu kama bendera. Kilinuka mawese bado.

"Kinaangalia wapi?" akaniuliza.

"Ku maji."

"Ee, mukwai. Ku maji."

Na jioni alipotupa nyavu, alitumia nguzo ile kama alama yake. Aliporudi akasema kama mutu anayetoa habari ya kawaida: "Leo nimetupa nyavu kwa Ngoie. Kuko samaki." Siku nyingine tena, kwa Ngoie. Wenzake wakamusikia, na wao wakaanza kupanga mitumbwi yao kwa nguzo, na kusema kwa Ngoie. Mimi nilikua nikiwasikia. Sijui ni siku gani nilielewa kwamba mama hafiki. Haikuwa siku, nafikiri. Ilikuwa kama meno: unaona tu kwamba yameota. Lakini nilipoelewa, mama alikuwa tayari ana mahali pake ndani ya ziwa, na watu wanapata chakula pale.

Donati aliishi muda murefu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Petelo alizeeka akiheshimiwa. Kila mwaka waliweka maua mbele ya simenti, na mutu aliyenifukuza nisikaribie alilipwa kwa kazi hiyo. Lakini upande wa nyuma, ule mugongo wa mabonge, hawakuujali. Sisi wamama wa chisense tuliugeuza wetu, tukaanika samaki pale. Simenti inashika jua, samaki hawapati muchanga. Watu wakalalamika: munachafua ukumbusho! Tukajibu tunaupa kazi. Baadaye, wakati wa wale ndugu waliovuka wakikimbia vita, waliopelekwa kambi ya Kenani, walishuka wamama kutoka kwetu ng'ambo, wamechoka, wakaona mutu wa simenti amenyosha mukono. Mumoja akaniuliza kama ni mutakatifu gani, ili amushukuru kwa kufika salama. Nikamuambia: mama, huyu musimushukuru. Kaa hapa nikusimulie. Nimesimulia wengi hivyo, nikigeuza samaki.

Na sasa ameanguka. Juma lililopita mutoto wake, Gerevazi, alifika Kabuta na komiti yake, gari jeupe, viatu vyeusi muchangani. Alinikuta naosha mashua. Amenenepa, mashavu ni yale yale ya simenti.

"Mama Feza," akasema, "tunataka kuisimamisha upya. Mbali na maji, musingi wa nguvu. Wewe ni wa mwisho aliyebaki wa ajali ile. Tunaomba useme maneno machache siku ya ufunguzi."

"Maneno nilikwisha kusema."

"Yale... ulikuwa mutoto. Baba amekufa, mama. Mutu aliyekufa hawezi kujibu."

"Njo sababu niliyasema akiwa muzima, Gerevazi. Mbona hakujibu?"

Vijana wangu wawili waliokuwa wanashona nyavu wakainamisha vichwa ili wasicheke. Gerevazi akafuta jasho. Nitamupa haki yake, hakukasirika. Aliniuliza ninataka nini basi. Nikamuambia: tena si kitu kigumu. Hamutaki kuiacha? Muisimamishe, lakini iangalie ziwa. Na musiweke mutu. Mashua tupu inatosha, na kamba inayoning'inia nyuma yake, imekatwa. Watu wataelewa bila diskuru.

"Komiti haitakubali," akasema.

"Basi komiti isinialike."

Ndipo akauliza kile kilichomuleta kweli. Kichwa wamekipata. Kifua wamekipata. Mafundi wanasema wanaweza kuunganisha. Lakini mukono wa kuume hauonekani, wamepiga mbizi mpaka wamechoka, na bila mukono sanamu haina maana. Wavuvi wamemuambia huenda mimi ninajua.

Nikamuonyesha na kidole.

Upo pale, muchangani, mbele ya nyumba yangu, tumeufukia mpaka kwenye kiwiko na mawe kuuzunguka. Nilikwenda kuuchukua mwenyewe asubuhi ile ile ulipokatika, na vijana wangu, ndani ya mashua yangu. Ni muzito, umejaa chuma. Fundi aliukunja vile vidole vizuri, nafasi iliyobaki katikati inatosha kabisa kupitisha kamba. Na kamba imo, imefungwa, inakwenda mpaka majini kwenye pua ya MAJI KICHWANI.

Gerevazi aliuangalia sana mukono wa baba yake.

"Usiku wa juzi kulikuwa na mawimbi makubwa," nikamuambia. "Mashua za wengine zilichukuliwa. Yangu haikwenda popote. Mukono huu haukuachia."

Kisha nikasukuma mutumbwi mudogo nikapanda, maana jua lilikuwa linashuka, na nyavu zangu ni za kutupwa kwa Ngoie.